Malalamiko Kuhusu Firigisi

Usiku wa jana niliota nimesimama kwenye foleni ya mkahawa wa kuku, kichwani nina taji. Halikuwa la dhahabu. Lilikuwa la karatasi ngumu, lina madoa ya mafuta, na lilinibana masikio. Ukutani paliandikwa kwa herufi nyekundu: MTEJA NI MFALME. Nikasoma mara mbili. Mimi husoma kila kitu mara mbili tangu nilipojifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na sita, katika shule ya gumbaru iliyofanyika jioni kanisani kwetu.

Lazima nieleze jambo moja hapa, la sivyo ndoto haitaeleweka. Mkahawa wenyewe upo kweli, mjini, ingawa sitautaja jina. Jumamosi mkaza mwanangu Khasandi alinipeleka huko ili nami nile kuku wa kisasa. Sasa, kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mzee mwenye mji. Hilo halijadiliwi. Mke akiandaa kuku na firigisi isionekane sahanini, wazee huitwa, na wazee huja.

Nikafungua boksi. Vipande tisa. Nikavigeuza kimoja kimoja, firigisi haimo. Nikamwuliza msichana wa kaunta, ambaye kibandiko cha kifuani kilisema Minayo: "Binti, firigisi yangu iko wapi?"

Akacheka.

Nikaomba kitabu cha maoni. Niliandika mistari kumi na moja, bila kosa hata moja la tahajia, na wa mwisho ulisema: Mhudumu huyu aondolewe. Nikatia sahihi yangu, Zakaria Amukowa. Meneja alinisifia mwandiko na kuniahidi kwamba Jumatatu, mlango ukifunguliwa saa mbili, atalishughulikia. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Jana, Jumapili, nilikuwa bado nimeridhika nilipolala.

Basi, nimesimama na taji langu. Mbele yangu kwenye foleni kuna kuku kama wanane, kila mmoja na kibeti chake. Mmoja anageuka.

"Wewe si mfalme? Mbona unapanga foleni?"

"Nimefundishwa ustaarabu," nikamjibu.

"Hongera. Sisi tunapanga kwa sababu hatuna haraka ya kufika."

Nikaona ni jibu la busara. Foleni ikasogea yenyewe, kuku wakapungua, na nikajikuta kaunta. Meneja alikuwa jogoo mwenye tai.

"Mfalme, karibu sana. Tumeisoma amri yako."

"Haikuwa amri. Yalikuwa maoni."

"Maoni ya mfalme huitwaje?" akauliza, nami nikatafuta kamusi kwa macho. "Ulisema aondolewe. Tunamwondoa. Desturi ya nyumba hii ni vipande tisa. Tumeshatoa saba."

Nikatazama. Juu ya kaunta yamepangwa maboksi saba, yote yana mfuniko. Nyuma yake yupo Minayo, au tuseme kipo alichobakiwa nacho: kichwa kilichovaa kofia ya kazi, na mkono wa kulia. Hakuna tone la damu. Mkono unajaza chipsi kwenye pakiti kana kwamba ni siku ya kawaida.

"Habari ya asubuhi, mzee," kichwa kikasema. "Utakula hapa au nikufungie?"

Nimeishi miaka sabini na miwili. Nimemwona ng'ombe akipigwa na radi. Sijawahi kushtuka namna ile. Nikashika kaunta, na kaunta ikasema, "Pole pole, mzee, mimi pia ni kioo."

Nikafunua boksi la karibu. Ndani mlikuwa na viatu vyeusi vilivyopigwa rangi vizuri, na miguu ikiwa bado ndani yake, soksi zimevutwa sawasawa. Nikafunika. Nikafunua jingine. Lilikuwa na kicheko chake. Kilicheka mara moja kisha kikanyamaza, kikitazama pembeni kama mgeni aliyepotea nyumba.

"Simamisheni hii kazi!" nikasema.

"Kichwa na mkono vitatoka saa mbili, kama tulivyokuahidi," jogoo akasema, akiangalia saa ya ukutani. Ilikuwa mbili kasoro dakika sita.

"Nasema simamisheni! Mimi ni mfalme."

"Ndiyo, mfalme. Lakini kilichoandikwa hakifutwi kwa mdomo. Wewe ni mtu wa shule, unalijua hilo."

Kweli nilikuwa nalijua. Nimewahi kulisema mwenyewe kwenye baraza.

Mapaja mawili ya kuku wa kukaanga yakaja yakitembea, yamebeba kitabu cha maoni kwenye trei. Nikafungua ukurasa wangu. Nikachukua ile kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye kaunta, nikaiweka juu ya mstari wa mwisho, nikakata. Hakuna alama. Nikakata tena.

"Juzi ulinikimbiza mistari kumi na moja bila kunipumzisha," kalamu ikasema. "Kwa kuumiza nilikuwa na wino. Sasa sina."

Nikauinamia ukurasa nitafute neno lenyewe, na hapo nikashtuka mara ya pili, zaidi ya ile ya kwanza. Sikuweza kusoma. Mistari ile mizuri imekuwa mikwaruzo, kama pale kuku wanapochakura jalalani.

Nainua kichwa niombe msaada, na sipo tena mkahawani. Niko kanisani kwetu, kwenye benchi la mbele, kitabu cha maoni bado kiko mbele yangu, taa ya karabai inalia. Kaunta imekuja pia, ipo pembeni, na Minayo nyuma yake. Ubaoni anasimama mwalimu, ambaye ni kile kikaangio kikubwa cha mkahawa, mafuta yanachemka tumboni, ameshika chaki.

"Zakaria Amukowa," kikaangio kikasema, "ukitaka kufuta amri, andika jina lako hapa."

Wanafunzi wenzangu walikuwa wale kuku wa foleni. Wote wanaandika upesi upesi kwa kucha. Mmoja amemaliza na anaomba ruhusa ya kwenda nje. Mimi nimeshika chaki, na mkono wangu haukumbuki hata herufi moja.

"Babu, inaanza na Z," kuku wa jirani akaninong'oneza.

"Naijua!"

"Basi iandike."

Sikuiandika. Darasa zima likanitazama kwa jicho moja moja, kama wanavyotazama kuku.

Kikaangio hakikunigombeza. Kilivuta kisahani kidogo kutoka kwenye dawati na kukisogeza mbele yangu. Ndani mlikuwa na wino wa zambarau. "Ipo njia ya zamani," kikasema. "Kidole gumba bado unacho."

Nikasimama. Nilisema, kwa sauti ya kusikika nje, kwamba kidole hiki hakijagusa wino kwa miaka ishirini na sita. Kwamba mara ya mwisho ilikuwa ofisini kwa chifu, na karani alikishika kama mtu anayeokota kitu kilichooza, na watu waliokuwa kwenye foleni waliona. Kwamba jioni ileile nilikwenda kujiandikisha gumbaru, nikakaa benchi moja na wajukuu wa rika langu, ili jambo lile lisinifike tena mpaka naingia kaburini.

"Sawa," kikaangio kikasema. "Ni mbili kasoro dakika mbili."

"Mzee, usijisumbue," Minayo akasema kutoka pembeni. "Labda wataniachia mkono. Mkono mmoja unatosha trei ndogo."

Nikamgeukia. "Binti, niambie kitu kimoja. Kwa nini ulinicheka?"

Kinywa chake kilifunguka, lakini sauti ikatoka kwenye boksi. Kicheko ndicho kilichojibu.

"Sikukucheka. Babu yangu alikuwa akiuliza vivyo hivyo kila mahali, hata harusini kwa watu asiowajua. Anaingia, hajasalimia vizuri, 'Firigisi yangu iko wapi?' Tulimzika mwezi wa nne. Nilikusikia wewe, nikadhani amerudi."

"Na firigisi yenyewe?" nikauliza.

"Kuku hutufikia kwenye katoni, mzee, matumbo yameshatolewa. Tangu niajiriwe sijaiona hata moja."

"Hata sisi hatujui zinakwenda wapi," kuku wote wakasema kwa pamoja, bila kuacha kuandika.

Kikaangio kikaanza kupiga kengele, ile ya kusema chakula kimeiva. Jogoo mwenye tai akaingia na maboksi mawili matupu, akayafungua, akayapuliza vumbi. Mkono wa Minayo ukaweka chini pakiti ya chipsi na kujifuta kwenye aproni, tayari.

Nikachovya kidole gumba. Wino ulikuwa baridi kama ule wa kwa chifu. Kuku wote wakaacha kuandika wakatazama, na mimi nikawaacha watazame. Nikakibandika kidole pale mwisho wa ukurasa, penye lile neno, nikakandamiza kwa uzito wangu wote mpaka taji likaanguka likabingirika chini ya mabenchi.

"Baba, chai."

Nilifungua macho. Khasandi alikuwa mlangoni na kikombe. Akaniangalia, akaja karibu, akaniangalia tena.

"Baba, hicho kidole vipi? Umepiga kura?"

"Kura leo?"

"Nami nashangaa. Tena kidole cha kura si hicho."

Kidole changu gumba cha kulia kilikuwa cha zambarau mpaka kwenye kiungo. Katika nyumba hii hakuna wino wa zambarau. Hata kalamu zangu zote ni za buluu. Nilikiosha kwa sabuni ya kufulia, nikakisugua kwa jivu, hakikubadilika. Nikakipeleka dirishani, nikavaa miwani.

Katikati ya wino palikuwa na neno moja, dogo, limegeuka kinyumenyume kama linavyogeuka neno lililonakiliwa kutoka kwenye karatasi mbichi. Nililisoma mara mbili. Lilikuwa kwa mwandiko wangu mzuri: aondolewe.

"Khasandi," nikasema, "nitafutie koti."

Ilikuwa saa moja na nusu.