Pikapu ya Viti Viwili

Haya niliambiwa na Adelgunda mwenyewe, mke wa Ndyamukama wa Mabira, mwaka huu mwezi wa kwanza, alipokuja kwenye matanga ya wifi yangu hapa Nyakasimbi. Tulikaa nyuma ya jiko tukimenya ndizi za wageni, na ndizi zilikuwa nyingi, kwa hiyo hakuharakisha. Nayaweka kama alivyoyasema, ila pale alipocheka nimepaacha, maana kicheko chake hakiandikiki.

Adelgunda ni mwanachama wa chama cha akina mama wa kahawa tangu kilipoanza. Mwaka jana chama kilipatana na duka moja la magari huko Bukoba: mwanachama akinunua gari jipya kupitia chama anapunguziwa bei, na punguzo lenyewe si la mchezo. Sharti ni moja, gari liwe la mwanachama, asimwazimishe mtu jina lake. Wengi tulisikia, tukarudi kupalilia. Gari la nini kwa mtu ambaye shamba lake liko mlangoni?

Lakini Adelgunda ana binti, Mackrine, aliyeolewa na Mwesiga, mfanyabiashara wa ndizi pale pale Mabira. Mwesiga alikuwa akikodi magari ya watu, na ndizi zinamwivia njiani. Akamtuma mke wake kwa mama yake. Mackrine akaja, akaulizia mbuzi, akaulizia kuku, mwisho akasema, "Mama, mkwe wako anaomba jina lako."

"Jina langu analipeleka wapi?"

"Lile la kwenye chama. Hela ni zake. Wewe unanunua, yeye anaendesha."

"Na wakiniuliza yeye ni nani?"

"Utasema ni dereva wako."

Adelgunda akakubali. "Nilikubali kama unavyokubali kumshikia mtu mtoto," aliniambia. "Unadhani anarudi sasa hivi."

Sasa, anayesoma haya pengine si wa kwetu, kwa hiyo niseme. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na kugusana ndiyo kabisa. Wakiwa na neno, linapitia kwa mtu wa tatu. Najua vijana wa mjini Kayanga siku hizi wanakaa kochi moja na mama wakwe zao wakitazama tamthilia. Adelgunda si wa kochi hilo, na Mwesiga naye alilelewa na bibi yake.

Ndiyo maana walikwenda Bukoba watatu. Kwenye picha ya tangazo pikapu ilikuwa na milango minne, na mpango ulikuwa Adelgunda akae kiti cha nyuma, Mackrine awe wa kupitishia maneno. Walipofika dukani wakaonyeshwa pikapu nyeupe, nzuri, inanukia upya, ya milango miwili na viti viwili.

"Ya milango minne haimo kwenye punguzo," alisema muuzaji.

"Sasa mimi nakaa wapi?" Mackrine akauliza.

"Wewe dada utapanda basi. Mama ndiye mwenye gari."

"Si bora mama apande basi, mimi niende na mume wangu?"

"Katibu wenu kasema mwenye gari aonekane ndani ya gari, kuanzia getini hapa mpaka ofisi ya chama Kayanga. Anasema kuna watu wanaazimishana majina."

Adelgunda akamvuta binti yake pembeni. "Mwambie nitakaa nyuma, kule kwa mizigo."

Muuzaji akacheka. "Mwenye gari apakiwe kama mbuzi? Trafiki wa kwanza tu atawashusha."

Wakati Mwesiga akifundishwa vitufe vya gari, Adelgunda aliletewa soda ya pongezi. Akainywa. Akaletewa chai, akainywa, na nusu chupa ya maji. Hakuwa na kiu. Alikunywa ili uso wake uwe na kazi, maana mkwe alikuwa amesimama pale mbele yake. Hakuna aliyemwambia choo kiko wapi, na kuuliza mbele ya Mwesiga hakuweza. Halafu muuzaji akampandisha, akamfunga mkanda wa kifuani na kiunoni, akafunga mlango. Mackrine akabaki barabarani ameshika simu juu kuonyesha kwamba atapiga.

Gari lilipoanza kwenda, milango ikajifunga yenyewe, tak.

Adelgunda alijifunika kitenge kichwani, akaugeukia mlango wake. Mwesiga aliendesha ameinamia upande wa pili kama mtu mwenye jipu shingoni. Mabega yao yalikuwa karibu kuliko walivyowahi kuwa tangu siku ya mahari. Kiyoyozi kilipuliza baridi, na baridi ile ikashuka moja kwa moja ilikoshukia soda.

Simu ya Adelgunda ikalia. Mwesiga alikuwa amemwandikia mke wake ujumbe kabla ya kuondoka, na Mackrine alikuwa anautimiza kutoka kwenye basi.

"Mama, mkwe wako anauliza kama unasikia baridi."

"Mwambie hapana," alisema Adelgunda, meno yanagongana.

"Anauliza kama unahitaji kitu chochote."

Hapo ndipo angesema. Lakini masikio ya mkwe yalikuwa hapo hapo begani, na neno lile kwa mkwe halitamkwi hata kwa mafumbo. "Mwambie asante, sihitaji kitu." Baada ya hapo mtandao ukakata, na wa kupitishia maneno akawa hayupo tena.

Walivuka daraja la Kyaka. Chini mto Kagera umejaa, maji mengi ya udongo yanakwenda tu, hayaombi ruhusa kwa mtu. Adelgunda akafumba macho. Alipofumbua, mvua ilikuwa imeanza kwenye kioo. Alisali tasbihi, akakosea hesabu, akaanza tena. Alifikiria jambo moja tu, kwamba likimtokea humu, kwenye kiti kipya cha mkwe, Mabira hatakaa tena. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kishikio cha mlango. Kikagoma.

Mwesiga aliuona ule mkono. Mwesiga si mjinga, naye ana mama. Alipunguza mwendo mpaka palipokuwa na kibanda cha mabanzi na migomba nyuma yake, akasimama, akakohoa, akashuka. Akatembea kwenye mvua, mbali, akampa gari mgongo, akasimama akitazama maharage ya watu bondeni. Alikuwa anampa mama nafasi. Isipokuwa mkononi alikuwa na ufunguo, na kidole gumba, kwa yale waliyomfundisha asubuhi nzima dukani, kikabonyeza chenyewe. Gari likalia tiu tiu. Milango ikajifunga.

Adelgunda akavuta kishikio. Alamu ikaanza kulia, taa zote zikiwaka zikizima.

Mwesiga hakugeuka. Alidhani mama amegusa mahali wakati wa kushuka. Na kama ameshuka, basi kugeuka ni kuona kisichoonwa. Gari lilivyozidi kupiga kelele, ndivyo alivyozidi kusogea kuelekea kwenye maharage.

"Heshima yake ndiyo ilinifungia," Adelgunda aliniambia. "Angekuwa mkwe mbaya ningetoka mapema."

Mwanamke akatoka kibandani na ndoo ya senene wazima, wale panzi wetu wa kuliwa, maana ulikuwa msimu wao. Jina lake Immaculata, walikuja kujuana baadaye. Akaweka uso kwenye kioo.

"Waitu, ndugu yangu, kuna nini?"

Adelgunda akaonyesha mlango, kisha akamwonyesha yule mtu wa kwenye maharage.

"Mumeo amekufungia?"

Chini ya paa la kibanda walikuwa vijana wa bodaboda wamejikinga mvua. "Mume wa wapi," mmoja akasema. "Yule si kijana? Bibi kajipatia kijana na gari jipya."

"Ndiyo maana kamfungia," mwingine akasema, "asije akaibiwa."

Wakacheka. Adelgunda alisikia yote kupitia kioo, na hakuwa na pa kuweka uso, kwa sababu mkanda ulikuwa umemshika kiunoni, mahali pale pale pasipotakiwa kushikwa.

Immaculata akapaza sauti bondeni. "Wewe baba, rudi umfungulie mkeo."

Neno lile ndilo lililomgeuza Mwesiga. Alikuja mbio, macho chini, akabonyeza ufunguo, kelele zikanyamaza, akafungua mlango na kuruka nyuma. Adelgunda akataka kushuka. Mkanda ukamrudisha.

"Mfungue basi," Immaculata akasema.

"Siwezi."

"Gari lako huwezi kulifungua?"

"Si mke wangu," alisema Mwesiga. "Ni mama mkwe."

Immaculata akaitua ndoo chini polepole. Akawageukia vijana. "Nyie. Geukeni huko. Wote." Na wale waliokuwa wakicheka wakageuka wakatazama ukuta wa mabanzi, maana kila mmoja wao ana mama mkwe mahali, au atampata.

"Hiki kinafunguliwaje?"

"Kuna kitufe chekundu," Mwesiga akaliambia bonde. "Pembeni ya kiti. Upande wa dereva."

"Sikioni."

"Chini ya mkono wa Mama. Bonyeza kwa nguvu."

Mkanda ukaachia. Immaculata akamshika mkono, wakaenda hivyo mpaka nyuma ya kibanda, kwenye mgomba wa kwanza. Wa pili asingeufikia. "Hatua moja zaidi," aliniambia, "na leo ningekuwa nakusimulia habari za kuhama."

Kisha hakutaka kurudi garini. Alisimama na Immaculata kwenye matone ya migomba. "Niache nikae hapa kwako mpaka basi lipite."

"Kaa, waitu, hujanipunguzia kitu. Lakini hilo gari ni la nani?"

"Ni langu." Na aliposema hivyo akaona amejijibu mwenyewe. Bila yeye ndani, Kayanga lingekataliwa, na hela za ndizi za Mwesiga zingekwenda na maji.

"Basi njoo na wewe," alimwambia Immaculata. "Ukae katikati."

"Katikati kuna kitu gani cha kukalia? Kile chuma cha gia?"

Mwesiga, pale kando ya gari, alikuwa amesikia, mgongo ukiwa bado umegeuka. Akatoa hela nyuma ya mgongo wake. "Dada, niuzie senene wote, na ndoo yao. Naomba uwaweke katikati ya viti."

Immaculata akafunika ndoo kwa chandarua, akaiweka. Akamfunga Adelgunda mkanda kwa ulegevu, akamwonyesha kitufe chekundu mara mbili, akafunga mlango.

Wakaenda. Senene walikuwa wakikwaruza ndani ya ndoo, na kwa mara ya kwanza mle garini kukawa na mtu mwingine anayesema. Walipopanda kilima, Mwesiga akasafisha koo.

"Senene," akasema, "mwambieni Mama anisamehe kwa kile kitufe."

Adelgunda akaigeukia ndoo. "Senene," akajibu, "mwambieni dereva hakuna kosa. Ila baridi apunguze."

Kiyoyozi kikazimwa hapo hapo.

"Senene, kwa nini Mama hakusema mapema?"

"Mwambieni aliuliza kupitia kwa mtu niliyemzaa mimi. Ningemjibu nini?"

Anasema hapo hata Mwesiga alitaka kucheka, akajizuia kwa kuwasha vifuta mvua ingawa mvua ilikuwa imeshakatika.

Kayanga, katibu Deodatha aliwapokea nje ya ofisi, akawapiga picha na simu, gari na mwenyewe ndani. "Na huyu?"

"Dereva wangu."

"Anaitwa nani?"

Jina la mkwe Adelgunda hajawahi kulitia mdomoni. "Baba Ainembabazi," akasema, akitaja mjukuu.

"Haya. Basi, Mama Adelgunda, kila baada ya miezi mitatu utakuja nalo hapa, wewe mwenyewe ukiwa ndani, tuone halijauzwa. Kwa miaka mitatu."

"Mtu akiumwa?"

"Anakuja akipona."

"Na asiyelitaka tena punguzo?"

"Analipa lote lililopunguzwa, na jina lake linatoka chamani."

Hilo hakuwa ameambiwa, wala Mwesiga, au waliambiwa siku ambayo kila mtu alikuwa anatazama picha ya milango minne. Adelgunda aliitazama ofisi ile, ambayo tofali zake alizibeba kichwani wakati wa ujenzi. Akarudi garini. Milango ikajifunga, tak.

Walipokaribia Mabira, Mwesiga akasema. "Senene, mmesikia."

"Wamesikia," Adelgunda akasema. Halafu akahesabu miezi kwa vidole chini ya kitenge. Safari ijayo ilikuwa mwezi wa pili, na mwezi wa pili senene hakuna.

Alishuka njia panda. Mwesiga akampa mtoto wa jirani ndoo nzima ampelekee Mama, hakutaka hata senene mmoja. Jioni Mackrine akafika na basi, akauliza, "Mama, mlisafirije?"

"Tulisafiri," alisema Adelgunda, na mpaka leo binti yake anajua hilo tu.

Akawatoa senene mabawa na miguu, akawakaanga kwa chumvi mpaka wakakauka. Ndyamukama, mume wake, akala sahani, akanyoosha mkono kwenye waliobaki. Adelgunda akawahi, akawamimina kwenye kopo la maziwa, akakandamiza mfuniko.

"Hao je?"

"Hao wana safari."

"Kwenda wapi?"

"Kayanga."

"Senene gani wa kupelekwa Kayanga? Kayanga wako tele."

"Mwezi wa pili hawapo."

Ndyamukama alimtazama, akaona si habari ya kumalizika leo, akaingia kulala, akakoroma. Adelgunda akaweka kopo sakafuni upande wake wa kitanda, akalala chali. Barabarani pikapu ikapita na mzigo wake wa kwanza wa ndizi, akaitambua kwa mlio wake. Alishusha mkono akagusa mfuniko, akausikiliza mlio ule mpaka ukaishia Nkwenda huko, na mkono ukiwa bado juu ya kopo, usingizi ukamchukua.