Kazi ya Pili ya Odeta

Odeta, mjukuu wangu, alirudi na mshahara wake wa kwanza akakaa mlangoni bila kuvua viatu. Nikajua kuna jambo, maana viatu vile vipya huwa anavivua tangu nje, anavifuta vumbi, ndipo anaingia navyo mkononi kama mtoto mchanga.

"Bibi, nimepigwa."

"Nani kakupiga?"

"Kazini, Bibi. Wamenikata kodi mpaka basi. Chenge tunauza naye kaunta moja, tumeanza siku moja, mshahara ule ule. Yeye wamemkata kidogo tu. Mimi wamefyeka."

"Umemuuliza mhasibu?"

"Nikamuulize nini? Anione mshamba? Siendi tena. Bora nirudi kwenye dagaa wetu."

Duka lenyewe liko Nyegezi, jirani na stendi ya mabasi, wanauza vifaa vya ujenzi. Kaipata kazi ile baada ya kuzunguka sana. Na dagaa ninawajua mimi. Kutwa umeinama mwaloni, pale ufukweni mwa ziwa, unaanika, jua linakupiga mgongoni, mvua ikitishia unakimbia kuanua. Nilimlea kwa kazi hiyo na siioni aibu, ila nilitaka yeye akae kwenye kiti, kivulini.

Sikubishana naye. Ukimbishia Odeta anakaza zaidi. Nikamwacha ale kwanza, kisha nikamwambia, "Kuacha, acha. Lakini kesho twende tukaage. Kwetu mtu haondoki kazini kimyakimya kama aliyeiba."

Hilo hakuweza kulikataa. Kesho yake, Jumamosi, tukaenda.

Mhasibu ni dada mmoja anaitwa Zakia, kajitanda mtandio wa kijani, ofisi yake iko nyuma ya mapipa ya rangi. Alinyanyuka akanipa kiti.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni bibi yake Odeta. Amekuja kuaga."

"Kuaga! Mwezi mmoja tu? Tumemfanya nini?"

Odeta anatazama sakafu. Nikasema mimi, "Anasema amekatwa kuliko mwenzake, na mshahara ni mmoja."

Zakia akageukia kompyuta yake, akatazama, akatikisa kichwa. "Odeta, siku ile ya kwanza nilikuuliza kama una kazi nyingine. Ulinijibuje?"

"Nilisema ninayo."

"Kwa nani?"

"Kwa Paskazia. Ya dagaa."

"Sasa mimi nikajua Paskazia ni kampuni!"

"Paskazia ni mimi," nikasema.

Dada wa watu alicheka mpaka akashika meza. Odeta naye akaanza kucheka, huku hataki. Walipotulia Zakia akanieleza taratibu, na pale nilipokwama akarudia. Mtu mwenye ajira moja, kiasi cha chini cha mshahara wake hakiguswi, kodi inaanzia juu ya hapo, tena inapanda kidogo kidogo. Lakini mwenye ajira mbili, nafuu hiyo huipata kule kwenye ajira ya kwanza. Hii ya pili inakatwa asilimia thelathini yote, kuanzia shilingi ya kwanza.

"Kwa hiyo alikatwa kama mtu mwenye mshahara mwingine kwangu?"

"Ndiyo hivyo, Bibi. Je, unamlipa?"

"Nampa chakula. Na sketi hiyo nimemshonea mimi."

"Siyo mshahara huo, Bibi. Basi niambie wewe mwenyewe: Odeta ni mwajiriwa wako?"

Swali dogo, lakini Odeta alinyanyua uso haraka. "Bibi, mimi sikutaka kusema sina kazi nyingine," akasema kwa sauti ya chini. "Ningesemaje hivyo wakati wewe uko juani pale mwaloni?"

Nikamshika goti. "Siyo mwajiriwa wangu," nikamwambia Zakia. "Ni mjukuu wangu. Akija kunisaidia, anasaidia kwao."

Zakia akabonyeza bonyeza. "Mwezi ujao utakatwa sawa na Chenge. Ile iliyozidi nitaiombea marekebisho, ila siku ya kurudi siwezi kukuahidi, maana haiko mikononi mwangu. Na siku nyingine uniulize, Odeta. Mimi siumi."

"Sawa, dada."

"Sasa unaaga au huagi?"

Odeta akanitazama. Nikatazama mapipa ya rangi. Hilo lilikuwa lake kuamua.

Kabla hajajibu, sauti ya mwanamume ikaita kutoka kaunta, anataka misumari ya bati na hakuna wa kumhudumia, Chenge yuko stoo. Odeta akainuka.

"Naja, baba!" akaitikia huku anatoka. "Ya bati unataka kilo ngapi?"

Tukabaki mimi na Zakia, tunamsikia akimwambia mteja bei.