Helmeti ya Abiria

Fundi pikipiki alibonyeza sponji ya ndani ya helmeti yangu kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale, na unga mweusi ukamwagika kiganjani mwake.

"Dada, hii ni helmeti au sufuria? Ukianguka nayo, itatangulia yenyewe kupasuka."

Nikacheka kidogo, macho chini.

"Na ile mpya uliyoifunga siti ya nyuma kama bibi harusi? Si uivae?"

"Ni ya abiria."

"Abiria gani? Kila siku nakuona peke yako."

Ile nilimnunulia mdogo wangu, niliyekuwa nikimpeleka kazini kila asubuhi. Ameolewa mbali, na simu zake zimeadimika. Bado naibeba, ili siku akitokea ghafla asikose cha kuvaa.

Fundi akanirudishia ile mbovu, akaendelea na kazi yake. Nilisimama nayo, sponji ikipukutikia suruali yangu. Mwishowe nikafungua kamba ya siti ya nyuma, nikavaa helmeti ya mdogo wangu. Mkanda ulinibana kidevuni, maana yeye ana uso mwembamba. Nikaulegeza mpaka mwisho, nikawasha pikipiki.