Mbuzi Mwenye Kadi

Bibi mmoja, fundi cherehani aliyekimbia vita na wajukuu watano, alikuwa amengoja kadi ya kambi miezi mitatu. Mbuzi wa Idi, aliyeletwa na lori la msaada, aliipata kwa nusu saa. Karani wa lango huandikisha kila kinachoingia kikiwa na pumzi, basi akamwandika: dume, hana mke, hana kauli. Akampa hema na posho ya unga.

Fundi alimwendea karani na kisu mkononi. "Mwanangu, huyu mbuzi kaletwa tumle."

"Bibi, huyo ameandikishwa. Mwenye kadi hachinjwi."

"Lo! Sasa sisi tule nini?"

Karani alilowesha kidole, akafunua kanuni. "Mwenye kadi anaruhusiwa kukaribisha jamaa zake."

Asubuhi ya Idi bibi alipiga moyo konde, akahamia kwa mbuzi. Akaoka mkate kwa unga wa mbuzi, kisha akawapanga wajukuu mbele ya hema la mbuzi. "Shikeni adabu. Mwamkieni mwenye nyumba."

"Shikamoo, babu!" walisema kwa pamoja.

Badala ya marahaba, mbuzi alinyoosha shingo, akaichomoa kadi iliyotundikwa mlangoni, akaitafuna taratibu pamoja na muhuri wake, akameza.

Bibi akainuka, akapapasa chini ya mkeka mpaka akakipata kile kisu.

"Pole, mwenzangu," alimwambia mbuzi. "Sasa huna kadi. Umekuwa kama sisi."