Simu kwenye Kona ya Mlima

Mvua iliwapata Louisville, huko Marekani, ikawafuata barabarani mpaka milimani, na walipofika mahali pa kuegesha magari ilikuwa bado inanyesha kama iliyotumwa. Wazungu wenye viatu vyao vya kupandia milima walikuwa wanarudi magarini. Watu wetu ndio kwanza wanashuka, na vitenge vyao na viatu vya kanisani.

Walikuwa wamekutana Louisville, wengine wakitoka Columbus na Buffalo, kuja kumwombea Nyirabeza, mama yake Vestine, aliyelala hoi katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Kwao, kule juu Kivu Kusini, Kongo, ombi zito haliombwi sebuleni. Linapandishwa mlimani kwa kufunga, na aliyeanza kupanda hageuki. Vestine alipokuwa mdogo surua nusura imwondoe. Mama yake akapanda peke yake, na mtoto akapona. Sasa zamu ilikuwa ya Vestine.

Na angefanya nini kingine, maskini? Kusafiri hawezi, makaratasi yake hayajatoka. Kule Okolona, mtaani kwake Louisville, alikuwa anafunga maboksi kwenye ghala huku machozi yanamtoka, msimamizi anamwuliza kama ana mafua.

Sipriani, kiongozi wa maombi kutoka Columbus, alitangulia. "Bon, zimeni simu zote. Tunaenda kuongea na Mungu, si na watu."

Wenzake wakazima. Vestine aliifunga yake kwenye mfuko wa nailoni, akaitia kifuani ikiwa hai.

Njia hiyo ni nzuri sana, wanasema. Picha yake imebandikwa pale mwanzoni: maporomoko ya maji, miamba, bonde la kijani. Wao waliona ukungu na visigino vya aliyetangulia. Tope lilimvua kiatu Leya wa Buffalo, akasema hata milima ya kwao haikuwahi kumdhalilisha hivi. Alicheka peke yake.

Kwenye kona moja, chini ya mwamba, simu ya Vestine ikalia. Alikuwa Gasore, mdogo wake Vestine, aliyekuwa anamwuguza mama kule Nakivale.

"Usiipokee, dada," Sipriani akasema. "Adui anajua saa ya kupiga. Ukikata maombi katikati, donc tumepanda bure."

"Ndugu Sipriani, ni Gasore. Labda mama..."

"Huyo mama ndiye tunamwombea. Unataka apone, ama unataka kuongea?"

Jamani! Hilo nalo ni swali la kumwuliza mtoto wa mtu? Vestine alitaka mama apone. Alisimama pale mpaka mlio ukakoma, kisha akaizima, akapanda.

Kileleni walipiga magoti kwenye maji, wakaomba mpaka sauti zikakauka. Vestine alimkumbusha Mungu ile surua. Alingoja ile amani ambayo mama yake alikuwa akiisimulia, ile inayokuja ukishasikilizwa. Haikuja. Alisikia baridi tu, na mvua haikupungua hata kidogo.

Wakati wa kushuka, wenzake walipita ile kona, yeye akabaki na Leya. Aliwasha simu, akapiga. Gasore alipokea hapo hapo.

"Ulikuwa wapi, dada?"

"Mlimani. Tunamwombea mama."

"Aliamka," Gasore akasema. "Aliamka kabisa, akaomba uji. Akasema, nipigie Vestine. Nikamwekea simu sikioni. Alikuwa anasikiliza inavyoita, anatabasamu. Anasema, sasa hivi atapokea."

Vestine alishika mwamba.

"Mwekee tena, Gasore."

"Dada..."

"Mwekee tu sikioni. Nitasema kidogo."

"Tumeshamfunika uso."

Leya alimkumbatia kwa nguvu, nguo zao zinachuruzika. Vestine hakuiondoa simu sikioni. Huko chini magarini, Sipriani alikuwa ameshaanzisha wimbo wa kushukuru, na wengine wanaitikia.