Jibu la Gramu Mia Tatu

Jumamosi ya pili ya mwezi wa kwanza, saa tatu asubuhi, Fausta alipanda juu ya mizani ya ghala la Chama cha Msingi Isengelele, chaki mkononi na utomvu mweusi wa tumbaku kwenye kucha. Hakupanda ili apimwe. Ubao ulikuwa umetundikwa ukutani nyuma ya mizani, kwa sababu misumari ilikuwa pale tu, na mtu mfupi kama yeye asingeufikia bila kusimama juu ya lile bamba la chuma ambalo wakati wa soko huwekewa marobota. Swali lilikuwa asilimia kumi na tano ya mia mbili. Fausta akafikiri, akaandika thelathini. Mshale wa mizani, uliokuwa umetulia kwenye kilo hamsini na moja, ukasogea mbele gramu mia tatu ukabaki hapo.

"Sawa," akasema Mwalimu Heri, ambaye alikuwa anatazama ubao.

"Mwalimu, dada kaongezeka," akasema Mwandu kutoka kwenye gunia la mbele.

Mwalimu Heri akavaa miwani, akainama, akausoma mshale. "Gramu mia tatu," akasema. "Shuka, apande mwingine."

Kozi ile ilikuwa na watu kumi na mmoja, wote watu wazima wa huku kwetu Inyonga, wanaolima tumbaku na mahindi au kuchunga ng'ombe au kutundika mizinga porini. Walikuwa wanajiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha biashara kule Mpanda mjini. Chuo kile kilikuwa tayari kumchukua hata mtu aliyekaa miaka mingi nje ya shule, mradi afaulu huo mtihani na siku ya kuufanya awe hajatimiza miaka thelathini na mitano. Mtihani ulikuwa mwezi wa nne. Fausta alikuwa anatimiza thelathini na mitano mwezi wa sita. Hesabu hiyo hakuhitaji mwalimu wa kumfundisha: alikuwa na mtihani mmoja tu maishani, na ni huo.

Mwalimu Heri alikuja na basi kutoka Mpanda kila Ijumaa, akalala parokiani, akafundisha Jumamosi kutwa na Jumapili baada ya misa. Walipewa ghala kwa sababu tumbaku ilikuwa bado mashambani na ghala lilikuwa tupu, lina panya, harufu na magunia ya kukalia tu.

"Wewe chuo cha nini?" Mzee Telesphor, baba yake Fausta, alimuuliza siku ya kwanza, wakiwa wanafunga majani kwenye vijiti vya kupeleka bani, kwenye kibanda cha kukaushia kwa moto.

"Baba, misimu kumi na minane nimesimama upande wa wanaoleta. Nataka nikasimame upande wa wanaosoma."

Mzee akafunga kijiti kizima. Halafu akasema, "Basi nenda. Jumamosi nitafunga mwenyewe."

Kufika wiki ya tatu, ilikuwa imeshazoeleka kwamba jibu likieleweka lina uzito. Uwiano ulikuwa na gramu mia mbili. Wastani, mia moja na hamsini. Riba ilikuwa nzito, inakaribia nusu kilo kwa mtu aliyeielewa mpaka mwisho wake. Kiingereza kilikuwa chepesi, kinaingia neno moja moja, lakini kilijikusanya. Jibu la kubahatisha halikuwa na kitu, hata likiwa sahihi. Mshale ulikaa kama umelala. Mwalimu Heri akaacha kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Kalamu alikuwa ananunua mwenyewe, na mizani ilikuwepo tu.

Fausta hakunenepa. Gauni lake la kitenge lilikuwa lile lile na lilimkaa vile vile. Ila alipopita kwenye tope baada ya mvua, nyayo zake zilizama mpaka kifundoni, na kitanda cha kamba kikaanza kulegea. Kuku walikuwa wanamsikia anakuja kabla hawajamwona. Yeye mwenyewe alifurahi mpaka akawa anaamka jogoo la kwanza, anakanyaga sakafu kwa nguvu, anasikiliza kishindo, anacheka peke yake. Bani alikariri kanuni huku akichochea moto. Njiani alikariri. Maiko wa bodaboda alimpakia kumpeleka zahanati kuchukua dawa za mzee, na pikipiki ikashindwa kilima ambacho haijawahi kushindwa.

"Dada Fausta, leo umebeba nini?"

"Riba. Na nusu ya faida na hasara."

"Basi sogea mbele kidogo, gurudumu la nyuma linalia. Na nyie wasomi mngekuwa mnasema mapema, mtu apange nauli."

Huko darasani watu waligombea kupanda. Mtu akishapata jibu ananyoosha mkono mpaka anasimama, "Mimi mwalimu! Mimi!" kama watoto wa chekechea, na wengine wana watoto wa darasa la saba. Mwandu ndiye aliyekuwa anabaki nyuma. Alikuwa mfugaji, na kando ya zizi alikuwa na ekari mbili za tumbaku. Jumamosi moja akapanda mizani akiwa amekunywa lita tatu za maji, kwa sababu kila mkulima anajua kwamba robota likinyunyiziwa maji kidogo linasoma vizuri.

Mwalimu Heri akatazama mshale, akamtazama na tumbo. "Mwandu, hilo ni jibu au ni maji?"

"Ni mchanganyiko, mwalimu."

"Nenda nje ukatoe maji, urudi na jibu."

Ghala zima likacheka, Mwandu naye akacheka, akaenda. Aliporudi alikaa na Fausta pembeni saa nzima juu ya uwiano, na mwisho akapata gramu zake mia mbili za halali. Alizunguka nazo siku nzima akiwaambia watu wamnyanyue.

Mwezi wa tatu mwalimu akawapa mtihani wa majaribio, maswali arobaini. Swali la tisa lilikuwa hivi: mkulima ana marobota kumi na mawili ya tumbaku, kila moja lina kilo sitini, tafuta uzito wote. Watu wote kumi na mmoja waliandika mia sita sabini na mbili.

Mwalimu Heri alidhani wamenakiliana. Alikasirika, akatupa karatasi juu ya magunia. "Sitini mara kumi na mbili ni ngapi?"

"Mia saba na ishirini!" darasa likajibu kwa sauti moja.

"Sasa hii mia sita sabini na mbili mmeitoa wapi?"

Fausta akanyoosha mkono.

"Mwalimu, swali halikuuliza sitini mara kumi na mbili. Limeuliza marobota."

"Marobota ya kilo sitini."

"Ndiyo. Robota la kilo sitini lina hamsini na sita."

"Nani amewafundisha hivyo?"

"Hatujafundishwa, mwalimu," akasema Mwandu. "Ndivyo lilivyo."

Na kweli ndivyo lilivyokuwa. Nyumbani mtu alifunga robota lake kwa mizani ya kuning'iniza ya watu wa asali, akahakikisha ni sitini kamili. Likifika ghalani, kwenye mizani ile, linasoma hamsini na sita. Robota lolote, la mtu yeyote, mwaka wowote, zinapungua kilo nne. Watu walilalamika miaka ya mwanzo, wakachoka, na baadaye wakawa wanazitoa wenyewe kichwani mapema, kama unavyotoa pumba kwenye debe la mpunga. Watoto wa Isengelele walikua wakijua hivyo.

Mwalimu Heri hakuwa mtu wa huku. Alikaa juu ya gunia, akapiga hesabu upya. Halafu akasema, "Fausta, panda."

Akapanda.

"Robota la kilo sitini lina kilo ngapi?"

"Hamsini na sita."

Mshale haukutikisika.

"Jibu tena."

Fausta akatazama viganja vyake. Alikuwa anafikiri juu ya marobota yote aliyowahi kuyafunga kwa mikono yake, goti likiwa limekandamiza gunia na kamba imeshikwa kwa meno. "Sitini," akasema.

Mshale ukaruka nusu kilo kwa mara moja, mpaka bamba likalia.

"Mizani yenyewe imekubali!" akapiga kelele Mwandu. Wanawake wakapiga vigelegele. Wote wakapanga mstari, akapanda mmoja mmoja, akasema sitini, akapata nusu kilo yake, akashuka anakanyaga kwa kishindo. Habari ikatoka nje ya ghala. Mzee Telesphor alikuja na matope yake ya shamba miguuni, akapanda, akasema sitini, naye akapata, ingawa aliishia darasa la pili. Alirudi nyumbani polepole, amejishika kiuno, anacheka.

Mchana akaja Katibu wa chama, Mzee Amedeus, na funguo zake. Wakamweleza. Hakubisha. Alivua kofia, akapanda juu ya mizani, akasema, "Sitini." Mshale ukaruka nusu kilo kwake pia, tena ukaruka haraka kuliko kwa wote.

Watu wakatazamana.

"Katibu, kumbe unajua," akasema Fausta.

"Nani asiyejua?" akasema Katibu, akashuka. "Hizo nne ni unyevu."

"Wa robota lililokauka bani wiki nzima?"

"Binti yangu, kila kitu kina unyevu."

"Basi mizani irekebishwe," akasema Mwalimu Heri.

"Mizani ina lakiri, muhuri wa serikali, mwalimu. Mwenye ruhusa ya kukata lakiri ni fundi, na fundi anakuja soko likishafunguliwa. Na soko likishafunguliwa mizani haiguswi, kwa sababu ina kazi." Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Akawatakia mtihani mwema, akawaachia na ndoo ya maji ya kunywa.

Wiki tatu zilizobaki, hatari ikawa moja tu. Mkono wa mtu ukizoea kutoa nne, unatoa wenyewe. Fausta alijifunza kuukamata. Alikuwa anatembea shambani anasema kwa sauti, robota la sitini ni sitini, robota la sabini ni sabini, na jirani akimsikia anaitikia, "Amina."

Siku ya mtihani walikuwa Mpanda tangu jana yake. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki. Cha Fausta kilipasuka miguu alipokaa, na msimamizi akaleta cha chuma bila kuuliza, maana watahiniwa wa Isengelele walikuwa wameshavunja sita. Maswali yakafunguliwa. Fausta akachukua kalamu. Asilimia aliikuta, akaimaliza. Riba aliikuta, akaimaliza, na karibu acheke humo ndani. Akafika swali la thelathini na moja, na mkulima alikuwepo na marobota yake: ishirini, ya kilo hamsini na tano.

Mkono wake ukaandika elfu moja na ishirini.

Akauangalia. Akauweka mkono ule chini ya paja, akaukalia. Akahesabu upya kichwani, robota kwa robota, mpaka la ishirini. Kisha akautoa, akakata, akaandika elfu moja na mia moja, na kiti cha chuma kikazama kidogo kwenye sakafu.

Matokeo yalikuja kwenye simu siku ya kung'oa karanga. Wanane walifaulu kati ya kumi na mmoja. Mwandu alifaulu kwa alama moja, akachinja mbuzi wawili. Fausta alikuwa wa kwanza katika ukumbi mzima. Mama zake wadogo walimbeba juu kama bibi harusi, ilibidi wawe tisa, na walimshusha mara mbili njiani kupumzika.

Chuo kilikuwa kinafunguliwa mwezi wa kumi, na soko la tumbaku lilifunguliwa mwezi wa tano. Katibu Amedeus alitangaza mbele ya wanachama kwamba chama kinajivunia, na kwa heshima hiyo msomi wao atasoma mizani siku ya ufunguzi. Karani wa mwaka jana ataandika. Fausta alivaa blauzi nyeupe. Akasimama upande ule, mshale unamtazama yeye.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa baba yake, aliyefika alfajiri. Robota likawekwa. Mshale ukapanda, ukayumba, ukakaa kwenye hamsini na sita.

Fausta akautazama mshale, akalitazama na lile robota. "Sitini," akasoma, kwa sauti ya darasani.

Karani akaandika hamsini na sita.

Watu wakamgeukia Katibu. Katibu alikuwa anapepea kwa kofia. "Kusoma ni kusoma," akasema, "na kuandika ni kuandika. Leteni lingine."

Likaletwa lingine. Fausta akasoma sitini, karani akaandika hamsini na sita, na hakuna aliyemkatiza mwenzake. Furaha ikaanza kupanda kwenye foleni. Waliokuwa nyuma walisukumana waje wasikie. Mwandu alipanda juu ya toroli, akawa anarudia kila namba kwa walio nje. Kufika saa sita watu walikuwa wanatoka vijiji vya jirani, na wengine walikuwa wameshauza msimu uliopita na hawakuwa na robota hata moja. Walimtajia tu Fausta yaliyoandikwa, na yeye akawasomea. Walisimama wima wakisikiliza, wakashukuru, wakaondoka.

Kabla umati huo haujafika, marobota yake kumi na mawili yalipokwisha kupimwa, Mzee Telesphor alikuwa mezani kwa karani, anasubiri kusaini.

"Umesema ngapi?" akamuuliza bintiye.

"Sitini, baba. Yote kumi na mawili."

"Sema tena, na wa nyuma wasikie."

Fausta akasema tena, mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye bati. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akakiweka pale karani alipoandika, akaipuliza karatasi ikauke, akasogea awapishe wenzake.