Nukta Iliyozidi

Nukta moja ilizidi, na ni mimi peke yangu niliyejua ni ipi. Orodha tuliyopewa na wateja ilikuwa na katedrali za dunia nzima, elfu tatu na ushei. Ramani yetu ilikuwa na hizo zote na moja juu. Mkaguzi, mama mmoja mwembamba asiyejua mzaha, alishahesabu mara mbili kwa kompyuta na mara moja kwa kidole. Saa sita faili lilitakiwa mtamboni kwa uchapaji. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu, na mimi nilishakwenda dirishani mara saba.

"Ni Italia," alisema Mkaguzi. "Huko ndiko kosa linakojificha."

Kila mtu akaafiki, maana ukiitazama ramani ile, Italia nukta zimebanana hadi ardhi haionekani. Zamani kila kimji kilitaka askofu wake. Ukija pande za jangwani, nukta moja inalinda eneo ambalo ungeitumbukiza Italia nzima na bado ikabaki nafasi ya kugeuzia lori. Isitoshe, yapo majimbo yenye askofu mmoja na katedrali mbili. Ukipitiwa kidogo tu, umeweka nukta mara mbili. Na aliyepanga Ulaya ni Miwani, mzee wetu wa chumba cha ramani, aliyenifundisha kazi hii nikiwa sijui hata kushika rula.

"Mzee macho yamechoka," bosi akasema mbele yake, kana kwamba Miwani ni kabati. "Kosa likionekana kwake, ahamie ghalani akafunge vifurushi."

Miwani aliikuza Italia kwenye skrini, akaanza kuhesabu upya kutoka kaskazini, midomo ikimchezacheza. Nilitaka kupasuka.

Nukta ile niliiweka mimi, wiki mbili nyuma, kwa makusudi kabisa. Niliiweka kwa ajili ya baba.

Baba alikuwa fundi mwashi. Nilipokuwa na miaka tisa aliondoka kwenda kujenga katedrali katika mji wa mbali, mwendo wa siku mbili kwa lori, akakaa huko miaka mitatu. Mwaka wa pili mama akaugua, akafa, akazikwa, baba hayupo. Shangazi ndiye aliyetulea, mimi na ndugu zangu, na kila tukilia alituambia kwamba baba yenu anajenga kanisa la askofu, kazi ya Mungu haiachwi njiani. Nilikua na maneno hayo. Kila yalipopungua nguvu nilijiongezea mwenyewe: ile ni katedrali bwana, si banda la kuku.

Basi orodha ikaja, na mji ule haumo. Nikawaandikia wateja kuuliza. Wakanijibu kwa upole kwamba kanisa halifanywi katedrali na mnara wala ukubwa, bali na kiti cha askofu. Na kiti hicho kilihamishiwa mji mwingine, wenye barabara nzuri, miaka minne tu baada ya jengo kukamilika. Lile limebaki parokia ya kawaida. Nilisoma jibu lile damu ikanichemka. Nikachukua nukta nyekundu nikaipachika palepale, liwalo na liwe.

Halafu, kama vile hiyo haikutosha, nikamwambia baba aje aione.

"Kuna mzee mapokezi," mlinzi alichungulia mlangoni. "Kavaa koti. Anasema ni baba yako, amekuja kuona katedrali yake."

"Mwambie asubiri."

Nilikwenda chooni, nikanawa uso, nikarudi, nikakaa, nikainuka. Saa nne na nusu. Miwani alikuwa amefika katikati ya Italia; hesabu ikampotea, akaanza tena juu. Bosi alisimama nyuma yake akitazama saa. Njia ya mwongo ni fupi, shangazi alikuwa akituambia. Hakutuambia kwamba mwongo anaweza kumwachia mwenzake aimalize hiyo njia.

"Iacheni Italia," nikasema. "Ni mimi."

Nikawaonyesha nukta yenyewe, nikaifuta mbele ya macho yao. Bosi alinisema mpaka akakohoa, akaahidi barua ya onyo kabla jua halijazama. Mkaguzi alihesabu tena, akatikisa kichwa kukubali. Miwani aliivua miwani yake, akaifuta kwa shati.

"Ungesema saa tatu, binti yangu, ningekuwa nimeshakunywa chai," alisema. Nilishindwa kumtazama.

Baba alikuwa ameketi ukingoni mwa benchi, koti limefungwa vifungo vyote. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akasimama mara moja.

"Wameiweka upande gani?"

"Haipo, baba. Kiti cha askofu kilihamishwa zamani, siku hizi ni parokia tu. Mimi niliiweka, imenibidi niitoe." Nilisema yote kwa pumzi moja, machozi ya hasira yananitoka mbele ya mlinzi.

Akakaa tena taratibu.

"Najua," akasema. "Nilijua mwaka uleule. Fundi mwenzangu aliniandikia."

"Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia nini? Mkijua ni parokia tu, mngeuliza kwa nini sikurudi."

Miaka thelathini hatukuwa tumeuliza, si mimi, si ndugu zangu. Tulimpa chai, tulimfulia, tulimwita fundi wa katedrali mbele ya wageni.

"Kwa nini hukurudi?" nikauliza. Sauti ilinitoka ya mtoto wa miaka tisa.

"Barua ya kwamba anaumwa ilinifikia mama yako yu hai. Msimamizi alinipa ruhusa, na nafasi kwenye lori la kesho yake. Nikasema nimalize mnara kwanza, zilikuwa zimebaki wiki tatu." Alinyoosha vidole juu ya magoti, akavitazama. "Niliupenda ule mnara, mwanangu. Na niliogopa kurudi kwenye ugonjwa."

Nilitaka aseme alizuiwa, au kwamba lori liliharibika. Nilisimama pale nikimsubiri aongeze neno, hata la uongo, na hakuongeza.